Sura ya Sita: Mashine Zilikula Sarafu, Picha Zikabaki

Tarehe 7 Novemba 1982, mashine za gemu zilitolewa ndani na kupangwa barabarani katikati ya Ottumwa, mji mdogo wa jimbo la Iowa nchini Marekani. Yalikuwa makabati marefu ya mbao, kila moja na skrini yake na vishikio vyake, na pamoja nayo walisimama vijana walioaminika kuwa mabingwa wa michezo hiyo. Mpiga picha Enrico Ferorelli alikuwa ametumwa na jarida la Life. Mwaka mmoja kabla, Walter Day alikuwa amefungua mjini hapo ukumbi wa gemu ulioitwa Twin Galaxies, naye alikuwa akikusanya habari za alama za juu kutoka kumbi nyingine na kuziingiza kwenye daftari la rekodi. Meya naye hakulaza damu: aliutangaza mji wake kuwa makao makuu ya gemu za video duniani. Picha ilitoka Januari 1983, katika toleo la Life lililoupitia mwaka uliokwisha.

Picha hiyo imedumu kuliko karibu kila kitu kilichomo. Ukumbi wa Twin Galaxies ulifungwa mwaka 1984. Robo karne baada ya picha kupigwa, filamu ya Chasing Ghosts ya mwaka 2007 iliwatafuta wale vijana, ambao sasa walikuwa watu wa makamo, ikawauliza maisha yamewapeleka wapi. Anayeitazama picha leo hana haja ya kujua nani alipata alama ngapi. Anaangalia mitindo ya nywele, mavazi, na ile hali ya vijana waliohakikishiwa, kwa siku moja, kwamba ujuzi wa vidole vyao ni jambo la taifa zima.

Gemu zenyewe hazijapotea, na hilo ndilo linaloshangaza. Mwaka 1997 mwanaprogramu wa Kiitaliano, Nicola Salmoria, alitoa programu ya MAME, na tangu hapo michezo ya kumbi imekuwa ikitolewa kwenye chipu zake za zamani na kuchezwa kwenye kompyuta za kawaida. Leo simu ya bei ya chini kabisa inauendesha mchezo wa Pac-Man bila kutoka jasho. Ungedhani hamu ingekwisha. Badala yake watu wanasafiri kwenda kupiga picha makabati yaliyochubuka rangi, wananunua vitabu vya picha za kumbi ambazo hawakuwahi kuingia, na wengine wanamaliza wikiendi nzima sakafuni wakiijenga Pac-Man kwa vitofali vya plastiki. Wanachokitafuta ni kile chumba mchezo ulimochezwa, na watu waliokuwamo.

Chumba chenyewe kilianzia baa. Mwaka 1972 Allan Alcorn, mhandisi kijana wa kampuni changa ya Atari, alitengeneza Pong, na mashine ya kwanza ikawekwa katika baa ya Andy Capp's Tavern huko Sunnyvale, California. Haukupita muda akaitwa kuja kuitengeneza kwa kuwa haifanyi kazi. Alipoifungua alikuta sarafu zimejaa hadi zimeziba njia. Kwa mtu wa biashara hiyo, hakuna hitilafu tamu kama hiyo.

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ikatoa Space Invaders, kazi ya Tomohiro Nishikado. Skrini yake ilikuwa nyeusi na nyeupe. Rangi zilizoonekana zilitokana na vipande vya selofeni vilivyowekwa juu ya kioo. Hata ule uoga unaompanda mchezaji kadiri maadui wanavyozidisha kasi haukupangwa tangu mwanzo. Kompyuta ya mashine ilikuwa dhaifu, hivyo kila adui aliyeuawa aliipunguzia kazi ya kuchora, na waliobaki wakapata nafasi ya kukimbia. Nishikado aliona inafaa, akaacha hivyo hivyo. Mchezo huo ulienea Japani kiasi kwamba ikazuka hadithi kuwa sarafu za yeni 100 ziliadimika nchi nzima. Waliochunguza hesabu za utengenezaji wa sarafu wanasema hadithi hiyo haina msingi, lakini bado inasimuliwa, na mimi simlaumu anayeisimulia. Watu huipenda hadithi inayoshuhudia ukubwa wa kile walichokipenda.

Mwaka 1980 Toru Iwatani wa Namco akaleta Pac-Man, akikusudia kuwavuta wanawake na wapenzi wawili wawili kwenye kumbi zilizokuwa zimejaa wanaume. Mwaka uliofuata Shigeru Miyamoto wa Nintendo akaleta Donkey Kong, iliyotumia makabati ya mchezo mwingine, Radar Scope, yaliyokuwa yamedoda ghalani Marekani. Januari 1982 jarida la Time liliweka gemu za video kwenye jalada lake na kuandika kwamba Wamarekani walikuwa wametumbukiza sarafu bilioni 20 za senti 25 ndani ya mwaka mmoja. Hizo ni dola bilioni 5, senti kwa senti, kutoka mifuko ambayo mingi ilikuwa ya watoto wa shule.

Ili kuielewa hamu ya leo ni lazima kwanza kuelewa ukali wa biashara ile. Mashine ilitengenezwa ili ikushinde. Mwenye ukumbi alitaka mchezo uishe ndani ya dakika chache ili sarafu nyingine iingie, na mtengenezaji aliupima ugumu kwa lengo hilo. Hakuna aliyemaliza Pac-Man kwa maana ya kuona mwisho uliokusudiwa. Atakayefika hatua ya 256 hukuta nusu ya skrini imevurugika kuwa herufi na alama zisizo na maana, kwa sababu hesabu ya hatua imezidi nafasi iliyotengewa. Kila mtu alishindwa, tena alishindwa mbele za watu. Ukitaka zamu, uliweka sarafu yako ukingoni mwa kioo, ukasimama nyuma ya anayecheza ukimsubiri aanguke. Wengi walijifunza mchezo namna hiyo, kwa kutazama bega la mtu mwingine. Programu ya MAME haiwezi kukurudishia bega hilo. Kamera iliwahi kulipata.

Haikuwa kazi rahisi, na kila aliyewahi kupiga picha televisheni ya zamani anajua. Kioo cha tyubu hakiwaki chote kwa pamoja. Mwali unakichora mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini, mara 60 hivi kwa sekunde. Shata ikifunguka na kufunga kwa kasi ya sehemu moja ya 250 ya sekunde, filamu inapata kipande tu cha picha, na kinachobaki ni utando mweusi. Ukishuka hadi sehemu moja ya 30, skrini inatoka yote, lakini mkono wa mchezaji unafifia kama moshi. Ukiwasha flashi umeua vyote viwili: kioo kinarudisha mwanga, na ule weusi wa ukumbi unageuka kuwa chumba cha kawaida chenye zulia chafu.

Kwa hiyo mpiga picha wa wakati ule alilazimika kuchagua kati ya mchezo na mtu. Wale waliofanya kazi nzuri walimchagua mtu, wakaitumia skrini kama taa. Ira Nowinski, mpiga picha wa San Francisco, alizunguka katika kumbi za gemu za eneo la ghuba ya mji huo mwaka 1981 na 1982, na picha zake sasa zimehifadhiwa katika maktaba za Chuo Kikuu cha Stanford. Naamini kazi ya namna hiyo ina thamani kuliko mashine yoyote iliyokarabatiwa ikang'aa. Kabati unaweza kulitengeneza upya. Mbao na rangi zipo. Namna vijana walivyojipanga kuizunguka mashine moja, nani aliruhusiwa kusimama karibu na nani alibaki mlangoni, mambo hayo hayana chipu ya kuyahifadhi.

Picha ilikuwa pia risiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Activision, iliyotengeneza michezo ya kuchezea nyumbani, iliwaahidi wachezaji beji ya kitambaa iwapo wangetuma picha ya televisheni yao ikionyesha alama fulani. Kwa Pitfall! ya mwaka 1982 alama zilizotakiwa ni 20,000. Maelfu ya vioo vya televisheni vikapigwa picha na watu wasiojua lolote kuhusu kasi ya shata, wakisubiri filamu isafishwe ndipo wajue kama ushahidi umetoka au umeingia giza.

Picha za siku hizi ni jambo jingine. Kumbi za leo zinazojengwa kwa ajili ya hamu ya zamani hupambwa kwa taa za zambarau na waridi, na picha zake huongezwa rangi hizo hizo kwenye kompyuta hadi kila ukumbi unafanana na mwingine. Filamu na tamthilia zimechangia; msimu wa pili wa Stranger Things, mwaka 2017, uliwarudisha watazamaji kwenye ukumbi wa gemu wa miaka ya 1980 ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa kuuona. Sina ugomvi na urembo. Ila kumbi nyingi za kweli zilikuwa na moshi wa sigara, kuta za mbao za rangi ya kahawia, na mabaka ya kuungua pale watu walipoegesha sigara zao kwenye meza ya vishikio. Picha isiyo na hata baka moja imepiga mapambo, ikaukosa ukumbi.

Vitofali vimeingia kwenye habari hii kwa mlango ulio wazi kabisa. Picha ya gemu ya zamani imejengwa kwa miraba midogo ya rangi moja moja, na kitofali cha LEGO, kilichoombewa hataza nchini Denmark tarehe 28 Januari 1958, nacho kinataka kila kitu kigeuzwe miraba. Sanamu ndogo ya mtu ya LEGO kama tunavyoijua ilitoka mwaka 1978, mwaka ule ule wa Space Invaders. Waliokulia miaka hiyo walikuwa na vitu viwili mikononi vilivyoitazama dunia kwa namna moja.

Hesabu yake inavutia. Skrini ya Pac-Man ina pikseli 224 kwa upana na 288 kwa urefu, jumla 64,512. Vinundu vya LEGO vimeachana kwa milimita 8. Ukiamua kuijenga skrini hiyo pikseli kwa kinundu, utapata ukuta wenye upana wa karibu mita 1.79 na urefu wa mita 2.30, unaozidi mlango wa kawaida. Ndiyo maana wajenzi wengi huchukua mhusika mmoja tu, au hujenga kabati lenyewe na kuacha skrini iwe kipande kimoja kilichochapwa. Tena kitofali hakiko sawa pande zote: kimo chake ni milimita 9.6. Anayevipanga kimoja juu ya kingine kama ukuta wa nyumba ataona Pac-Man wake amerefuka kichwa. Inabidi avilaze, vinundu vimtazame mtazamaji, na hapo ndipo ufundi unapoanza.

Kampuni ya LEGO yenyewe iliona soko. Mwaka 2020 ilitoa mashine ya nyumbani ya Nintendo pamoja na televisheni yake, vipande 2,646. Mwaka 2022, Atari ilipotimiza miaka 50, ikatoa Atari 2600 ya vipande 2,532. Na mwaka 2023 ikaja kabati la Pac-Man, vipande 2,651, kimo cha sentimita 32 hivi, kwa bei ya karibu dola 270 nchini Marekani. Kwa senti 25 mchezo mmoja, fedha hiyo ingekununulia michezo 1,080 ya mwaka 1980. Boksi limeandikwa 18+. Hakuna aliyejisumbua kujifanya kwamba ni la watoto.

Kabati hilo lina mpini ubavuni. Ukiuzungusha, wahusika wanasogea kwenye njia zao kwa mitambo iliyofichwa chini, na paneli ya nyuma inatoka ili uione mitambo hiyo ikifanya kazi. Tundu la sarafu linawaka kwa kitofali cha taa. Kama kazi ya uhandisi, ni hodari. Kama kumbukumbu, imeondoa kitu kimoja ambacho bila hicho mashine ile isingekuwa mashine: huwezi kushindwa. Mizuka ya mchezo inamfuata Pac-Man, haimfikii, wala yeye haifikii, mpaka mkono wako uchoke. Hakuna sarafu inayopotea, hakuna anayesubiri nyuma yako uanguke. Ukali wote niliouelezea juu umechujwa.

Hata hivyo wabunifu wake walijua kuna kitu kimekosekana. Ndani ya kifurushi hicho waliweka pia kiukumbi kidogo, chenye kabati la kimo cha sanamu na mtu mmoja amesimama akicheza. Katika vipande 2,651, macho yangu huishia pale. Kabati kubwa linaonyesha mashine. Kile kichumba kinamwonyesha mchezaji.

Wajenzi wasio na kampuni nyuma yao wamelielewa hilo siku nyingi. Wanajenga kumbi nzima kwa kimo cha sanamu, kila kabati likiwa na upana wa vinundu viwili tu, skrini ikiwa kipande chenye mteremko, kishikio kikiwa kipande kidogo kabisa walichokipata. Kisha wanazipiga picha, na hapa ndipo sanaa hizi mbili zinakutana na kusumbuana. Kitu kidogo kikipigwa kwa karibu, ukungu wa lenzi unaanza mapema mno: uso uko wazi, mkono tayari umefifia, na mtazamaji anajua mara moja kwamba anatazama mwanasesere. Dawa mojawapo ni kubana tundu la lenzi hadi f/11 au zaidi na kuacha shata wazi kwa muda mrefu, kamera ikiwa juu ya miguu mitatu. Nyingine ni kupiga picha kadhaa zilizolengwa umbali tofauti na kuziunganisha kwenye kompyuta. Kwa mwanga, wengi huweka simu nyuma ya kipande kinachopitisha nuru ili skrini ionekane inawaka. Na vumbi lifutwe kwa brashi kabla ya kila picha, kwa kuwa chembe moja begani mwa sanamu huonekana kama jiwe. Mpiga picha wa vitofali, kwa hiyari yake, amerudi kwenye tatizo la Nowinski: kumwonyesha mtu kwa nuru ya mchezo wake.

Mfaransa anayejiita Invader amefanya jambo jirani na hilo kwa vigae. Tangu mwaka 1998, akianzia Paris, amekuwa akibandika kwenye kuta za miji maadui wa Space Invaders waliotengenezwa kwa vigae vidogo, kila kigae pikseli moja. Mombasa ni mmoja wa miji aliyoifikia, na kazi yake moja ilipelekwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga. Mwaka 2014 alitoa programu ya simu inayowapa watu alama kila wanapompiga picha mmoja wa maadui hao mitaani. Kwa hiyo kuna watu wanaotembea mji mzima wakicheza mchezo wa 1978 kwa kamera. Kati ya kazi zote zilizotajwa katika sura hii, hii ndiyo ninayoiona imeukaribia zaidi ukumbi wa kale, kwa sababu inamtoa mchezaji nyumbani, inamfanya atafute, na inamkosesha pia: kigae kilichobomolewa hakina alama.

Msomaji wa Tanga au Kisumu anaweza kuuliza, haya yote yananihusu nini? Yanakuhusu kupitia mfukoni. Mwaka 1976 kampuni ya Gremlin ya Marekani ilitoa mashine ya ukumbini iitwayo Blockade, ambamo kila mchezaji aliongoza mstari unaorefuka bila kugonga kitu. Wazo hilo ndilo lililozaa yule nyoka wa simu za Nokia, ambaye Taneli Armanto alimtengeneza kwa ajili ya Nokia 6110 mwishoni mwa miaka ya 1990. Tuliokaa kwenye daladala au matatu tukimlisha nyoka huyo hadi betri ikaisha tulikuwa tunacheza mchezo wa ukumbini bila sarafu wala ukumbi.

Ukumbi wetu ulikuja baadaye, ukiwa na PlayStation, benchi la mbao na televisheni za mitumba, mwenye banda akipima dakika kwa saa ya ukutani na kelele zikisikika hadi barabarani. Una mambo yote ya Sunnyvale na Ottumwa: anayesubiri zamu, anayefundisha kwa kelele, anayefukuzwa kwa kuwa amevaa sare za shule, anayefungwa mabao matano na kudai padi ni mbovu. Mabanda mengi yameshafungwa tangu simu zilipopata gemu za mtandaoni, na yaliyobaki hayapigwi picha. Kama mtaani kwenu bado lipo, nenda leo, muombe mwenye banda ruhusa, zima flashi, shusha kasi ya shata, na uwapige waliokaa kwenye benchi. Ubao wa bei uingie kwenye picha. Andika nyuma yake, au kwenye jina la faili, mwaka na mtaa.